Uzoefu wangu: kuwafunza watu wazima kuhesabu ndege kabla ya kuwafunza majina

Wanaojitolea katika uhifadhi huja na hamu ya kujua majina ya ndege. Mimi naanza na umbali, muda na fomu, majina yanafuata. Anayejua aina chache lakini anahesabu kwa namna ileile kila mara analeta takwimu za kulinganisha mwaka hadi mwaka. Mjuzi wa aina nyingi anayekaa kituoni, yaani mahali pa kusimama na kuhesabu, dakika 5 leo na 20 kesho anatuachia orodha tu.

Nafundisha kuhesabu ukiwa umesimama kituoni. Kati ya kituo na kituo ziwepo walau mita 200, ndege mmoja asije akahesabiwa mara mbili. Ukifika, tulia dakika 1 au 2 ndege wakuzoee, kisha hesabu dakika 10 kamili. Tunaanza kukipambazuka na kumaliza ndani ya saa 3 hadi 4, maana baadaye wengi hupunguza kuimba. Mvua ikinyesha au upepo ukitikisa matawi, tunaahirisha.

Kinachosumbua kuliko vyote ni kukadiria umbali. Nafunga vitambaa mitini kwa mita 25, 50 na 100. Kila mtu anakadiria, anaandika, ndipo tunapima kwa kamba. Kwa sauti, msaidizi hujificha na spika ndogo. Hapo watu hushangaa, kwa sababu ndege aliyegeukia upande wa pili husikika yuko mbali zaidi, na majani mazito hunyonya sauti. Zoezi hilo tunalifanyia mbali na vituo, nje ya msimu wa kutaga. Siku ya hesabu spika haibebwi kabisa: mlio wa kurekodiwa huwavuta ndege na kuwasumbua.

Kwenye makundi makubwa, wengi hukadiria pungufu. Namwaga punje juu ya kitambaa, nazifunika baada ya sekunde 3, kila mtu anaandika idadi. Halafu nawaonyesha kuhesabu 10 za kwanza, kushika ukubwa wa fungu hilo kwa jicho, na kulirudia hadi mwisho wa kundi.

Mtu mzima huona haya kuandika kwamba hajui, akabahatisha jina. Kosa hilo ni baya kuliko pengo, kwani jina la kubahatisha halitofautiki na la kweli likishaingia kwenye takwimu. Kwa hiyo fomu zangu zina safu ya “hakutambuliwa”, na naisifu inapojazwa. Kituo kisichokuwa na ndege nacho huandikwa sifuri. Kikiachwa wazi, hakuna atakayejua kama kilitembelewa.

Kabla ya kumwachia mtu kituo, namsimamisha na mzoefu. Kila mmoja anaandika bila kusema neno, kisha fomu zinalinganishwa mstari kwa mstari. Tofauti nyingi hutokana na ndege waliosikika bila kuonekana, kwa hiyo mazoezi yanayofuata huelekea huko.

Viota vya ndege adimu havitangazwi. iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi viumbe, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, lakini picha iliyotumwa kwenye kundi la simu haifichi kitu.

Fomu hukaguliwa palepale kituoni: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, upepo, jina la mhesabuji, na viwianishi (namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali) vyenye desimali 5. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, kituo huhamia mbali kabisa.