Punje Tano Sahanini: Nilivyofupisha Ushuhuda wa Thanksgiving

Kila Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, ushirika wetu wa Waswahili hapa Worcester, Massachusetts, hukutana kula na kumshukuru Mungu. Watanzania, Wakenya, Wakongo. Pilau, sambusa, fufu, na bata mzinga mmoja anayewekwa katikati kwa heshima ya nchi ya watu. Chakula hakijawahi kutusumbua. Kinachotusumbua ni ushuhuda. Mtu anasimama "dakika moja tu, wapendwa", anaanzia siku aliyozaliwa, anapitia ubalozini kwenye viza, pilau inapoa na watoto wanadokoa sambusa chini ya meza.

Zamu ya kuongoza shukrani iliponiangukia, ushauri ulimiminika. Mmoja alitaka niwaonyeshe video. Mwingine, tena mtu mzima kanisani, akaniambia niachane na habari za walowezi, wale Waingereza waliohamia Plymouth karne ya kumi na saba, hayo ni mambo ya wazungu, nisome Zaburi ya 100 watu wale. Hilo lilinikera. Unakaa mwendo wa saa moja na kitu kutoka Plymouth, sikukuu yao unaila, halafu njaa yao hutaki kuisikia?

Na kisa chenyewe ni cha imani. Abiria 102 walivuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, wakafika Novemba baridi inaingia. Kabla baridi hiyo haijaisha, karibu nusu walikuwa wameshazikwa. William Bradford, gavana wao wa pili, aliandika kwamba kuna wakati wazima walibaki sita au saba tu, nao ndio waliokata kuni, wakapika na kufua nguo za wagonjwa. Wake za watu waliofikia mavuno ya 1621 walikuwa wanne. Wanne! Halafu wakaja Wampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanaume tisini na kiongozi wao Massasoit, wakaleta kulungu watano, wakala pamoja siku tatu; karamu hiyo ndiyo Thanksgiving huikumbuka.

Nikaamua kutumia desturi ya New England: kabla ya kula, kila sahani inawekewa punje tano za mahindi, kukumbuka kipindi ambacho inasemekana mgao wa mtu ulikuwa punje hizo tano kwa siku. Nimtangulie mjuaji: katika maandishi ya Bradford punje tano hazimo, ni masimulizi ya baadaye sana. Alichoandika ni kwamba mwaka 1623, walipomaliza kupanda, chakula kiliisha, wakawa wanalala bila kujua kesho watatia nini mdomoni. Mimi hiyo inanitosha.

Sasa mahindi. Rafiki yangu alinihakikishia kuwa mahindi makavu ni mahindi makavu, nichukue pakiti yoyote dukani. Nikachukua, nikatia kikaangoni. Yakaanza kuruka! Nikafunika, yakasukuma kifuniko; nikazima jiko, yakaendelea. Bisi juu ya friji, bisi kwenye kikombe cha chai. Mwanangu akaja na bakuli lake, akauliza kama zipo za siagi. Nani atakumbuka njaa kwa bisi?

Nikaenda duka la Waafrika, nikapata mahindi meupe ya makande, dola tano sita hivi, na mengine bado yapo kabatini. Nikayaloweka usiku kucha, nikayaanika, nikayakaanga ndani ya chumvi kavu, jinsi bibi alivyokaanga karanga kwa mchanga. Usiache kukoroga. Chumvi usiimwage, inakaangia tena.

Lakini ujanja wenyewe ulikuwa kwenye sheria: punje moja, sentensi moja. Taja unalomshukuru Mungu, kisha tafuna. Mahindi yale hayamezeki upesi, na wewe ukiwa unahangaika nayo jirani yako ameshaanza. Zikiisha, umemaliza. Mzee mmoja wa Mwanza alimwomba mkewe amwazime punje mbili. Mama akakataa hadharani. Kaka mwingine alishona sentensi moja kwa "na", "na", "na", ndefu kama reli ya kati, mpaka watoto wakapiga kelele: "Tafuna!"

Kijana wetu mmoja aliyezaliwa hapa alitumia punje zake kwa Tisquantum, mwenyeji wa kijiji cha Patuxet aliyetekwa mwaka 1614 akauzwa Hispania, akarudi kukuta maradhi yamemaliza kijiji chake, na bado akawafundisha wageni kupanda mahindi kwa mbolea ya samaki. Akaongeza kuwa tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika siku hiyohiyo juu ya Cole's Hill, Plymouth, kuomboleza. Sentensi zilikuwa zaidi ya tano. Tukamwachia.

Kisha mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, akaziangalia punje zake. "Mwanangu, mimi mgao naujua," aliniambia. "Na kuzika watu ugenini naujua. Hao watu wa meli, leo nimewaelewa." Akashukuru kwa mlango wa nyumba unaofungwa kwa ufunguo, akatafuna. Hapo hakuna mtoto aliyepiga kelele.

Tulimaliza pilau ikiwa bado ya moto, jambo ambalo ushirika wetu haukuwa umelishuhudia. Ukitaka kujaribu, hesabu punje mwenyewe kabla watu hawajakaa, maana wapo watakaojiongezea. Wenye meno bandia wape karanga tano. Kwetu waliopewa walionewa wivu.