Kusoma Ramani za Treni za Mjini, Boston hadi Chicago

Ukitua Logan, Boston, ramani inakupa njia ya rangi ya fedha ya kuingia mjini, imechorwa pamoja na za treni kana kwamba nayo ni treni. Ni basi. Basi hilo, linaloandikwa SL1, linatoka uwanja wa ndege, linapita handaki la magari chini ya bandari likibanana na teksi, kisha linaingia handaki lake lenyewe hadi South Station. Kutokea uwanjani hulipi nauli, na pale South Station unahamia treni nyekundu bila kulipa tena. Lakini foleni ikishika, ramani haina la kukusaidia. Abiria wa mwendokasi wa Dar es Salaam ataelewa tofauti ya basi lenye njia yake na lisilo nayo. Mchoro wa Boston unaifuta.

Nilikuwa nakwenda Chicago kwa treni kupitia New York na Washington, na kila mji nilianza na ramani ya ukutani kabla ya simu. Boston ndiyo nyepesi kukariri. Rangi zake kuu zilipangwa miaka ya 1960 na kampuni ya Cambridge Seven: nyekundu ni ya chuo cha Harvard, ilikokuwa inaishia, buluu inapita chini ya bahari, kijani inaelekea kwenye bustani za Emerald Necklace, na ya chungwa imetokana na Orange Street, jina la zamani la sehemu ya Washington Street. Penye mtego ni katikati. Nyekundu na buluu hazikutani popote. Ukitoka Harvard kwenda Aquarium, unashuka Park Street, unachukua kijani kituo kimoja hadi Government Center, ndipo unapanda buluu. Anayekerwa na kubadilisha mara mbili anashuka Charles/MGH na kutembea kama dakika kumi hadi Bowdoin, ila kwanza aangalie treni za buluu zinafika Bowdoin saa hiyo.

New York ni saa nne hivi kwa treni, na huko ndiko ugomvi wa ramani ulikokolea. Mwaka 1972 mbunifu Massimo Vignelli aliupa mji mchoro wenye mstari na rangi kwa kila huduma, yaani kila treni yenye herufi au namba yake, kona zote za nyuzi 45 au 90, na nukta moja kwa kila kituo ambacho treni inasimama. Ukiwa ndani ya behewa, sijaona uliosomeka vizuri zaidi. Taabu inaanza ukipanda ngazi kutoka nje. Central Park, yenye urefu wa kilomita 4 na upana usiofika hata moja, ilichorwa karibu mraba, tena wa kijivu. Kituo cha 50th Street cha njia ya Broadway kiliwekwa magharibi ya kile cha Eighth Avenue, ilhali mtaani kiko mashariki. Aliyeshuka Broadway na kuitafuta Eighth Avenue kwa kufuata mchoro alikuwa anaipa mgongo.

Mwaka 1979 ikaja ramani ya kampuni ya Michael Hertz, chini ya kamati iliyoongozwa na John Tauranac. Pwani, bustani na barabara kubwa zikarudi. Ili nafasi itoshe, huduma zinazotumia reli moja Manhattan zikaunganishwa kuwa mstari mmoja wenye rangi ya barabara inayopita: Lexington kijani, Seventh nyekundu, Eighth buluu, Sixth ya chungwa. Kazi ya kutofautisha treni ikahamia kwenye herufi na namba ndogo chini ya jina la kituo. Zilizokolezwa ni za wakati wote, nyepesi ni za baadhi ya saa. Nukta nyeusi ni kituo cha treni za kila kituo tu, nyeupe husimama na za haraka. Asiyejua hayo anapanda treni namba 4 kwenda 77th Street kwa sababu ni kijani kama 6, na mchana 4 inaruka kutoka 59th moja kwa moja hadi 86th.

Aprili 2025 mamlaka ya usafiri ya New York ikarudisha mtindo wa mchoro: kila huduma mstari wake, juu ya nyeupe. Mimi naona ni sawa, maana simu inakupa mitaa, na kazi inayobaki ni kujua treni gani inasimama wapi. Hata Vignelli hakukusudia mchoro wake usimame peke yake bila ramani ya mitaa pembeni. Kitu kimoja hakimo katika ramani yoyote kati ya hizo: milango mingi ya vituo vidogo ni ya upande mmoja. Soma kibao cha juu ya ngazi, Uptown (kaskazini) au Downtown (kusini), kabla ya kugonga kadi. Ukikosea, kuvuka mara nyingi ni kutoka nje na kulipa upya.

Washington wana mchoro wa mbunifu Lance Wyman wa 1976, mistari minene kama kamba. Unene huo unasomeka ukiwa mbali, lakini ulipangwa kwa njia chache. Njia ya rangi ya fedha ilipofunguliwa 2014, tatu zikalazimika kubanana kutoka Rosslyn hadi Stadium-Armory, na duara la kituo likaongezewa kipande cheupe liguse zote. Tafuta vituo vya Farragut North na Farragut West: chini hazijaunganishwa, ila ukitembea mtaa mmoja na kugonga kadi ileile ndani ya dakika 30, safari inahesabiwa moja. Unaepuka msongamano wa kituo cha Metro Center.

Chicago, kwa treni ya usiku, ramani imekuza Loop, mzunguko wa reli katikati ya mji, kupita kiasi. Kwa miguu unaivuka chini ya robo saa. Fuata mishale: treni ya kahawia inazunguka kinyume na saa, ya chungwa na ya waridi zinafuata saa. Vituo vingi vina jina la mtaa unaokatiza, kwa hiyo Western ziko tano, mbili zikiwa kwenye njia ileile ya buluu. Ukiambiwa “shuka Western,” uliza tawi. Kibao cha kituo kina namba za anwani zinazohesabiwa kutoka makutano ya mitaa ya State na Madison, 800 kwa kila maili: 2400W ni maili tatu magharibi ya State. Kwenye Western za buluu, namba ya pili ikiwa na N uko tawi la O'Hare, ikiwa na S uko la Forest Park.