Malindi twahitaji maabara kabla ya hoteli nyingine

Mkutano wowote wa maendeleo hapa Malindi huanza na utalii na kuisha na utalii. Mimi sina ubaya na utalii, nimesomeshwa na mshahara wa hoteli, baba yangu alikuwa jikoni kwenye hoteli moja kule barabara ya Casuarina miaka na miaka na karo yetu yote ilitoka huko. Lakini tumeona wenyewe. Baada ya vurugu za uchaguzi mwanzo wa 2008 wageni walirudi kwao, halafu zikaja zile tahadhari za kusafiri, halafu 2020 korona ikafunga kila kitu, na kila mara wanaoumia ni wale wale, mpishi, bichi boi, mama wa vinyago, mwenye tuktuk. Mji mzima twangoja ndege itue ndio tule.

Kwa hivyo nataka kuandika vizuri kitu ambacho nimekuwa nikikisema barazani mpaka wenzangu wamezoea: Malindi ijenge kituo cha bayosayansi. Yaani mahali ambapo vitu vyenye uhai, mdudu, sumu, mmea, mwani, hata bakteria wa matopeni, vinachunguzwa na kugeuzwa kuwa dawa, chakula, mbolea, vipimo, na vijana wanapewa nafasi ya kuanzisha kampuni zao hapo hapo. Najua mtu atasema hizo ni ndoto za Wazungu. Hapana, malighafi iko hapa, kazi yenyewe inafanyika hapa, ila twafanya mwanzo tu halafu yale ya katikati yenye pesa yanafanywa kwingine.

Chukua Gede. Ukipanda matatu ya Kilifi ukashuka pale kwenye magofu utakuta Kipepeo, mradi ulioanza 1993 chini ya Makumbusho ya Kitaifa ili watu wanaoishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki kutoka msituni bila kukata miti. Msitu wenyewe una kama kilomita mraba 420, ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mfugaji anategesha kipepeo jike, anamtia ndani ya kizimba cha neti atage kwenye majani, viwavi wanalishwa mpaka wawe pupa (hatua ambayo kiwavi hujifunga akigeuka kipepeo), halafu pupa zinapelekwa Gede, zinapangwa kwenye pamba ndani ya boksi na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani.

Nimekaa na shangazi mmoja upande ule nikimwangalia akivuna. Anainua tawi polepole, anageuza jani kwa ncha ya kidole, na pale ambapo mimi naona jani lililokauka yeye anachomoa pupa bila kuivunja kikonyo. Anajua kipepeo gani hula mti gani, anajua kiwavi akilegea na kubadilika rangi ni mgonjwa na anamtoa haraka kabla hajaambukiza wenzake. Nikamuuliza ugonjwa ukiingia kizimba kizima huwa afanyaje, akasema, "Mwanangu, naosha neti, naanza upya." Hana pa kuwapeleka wale viwavi akaambiwa ni virusi au ni kuvu au ni dawa iliyopuliziwa shamba la jirani. Na pupa haingoji mtu, ikichelewa kipepeo anatoka ndani ya boksi na hiyo pesa imekwenda. Huyu mama anafanya baolojia kila siku ya Mungu, na nyuma yake hakuna hata darubini moja.

Sogea Watamu sasa. Bio-Ken, ile shamba ya nyoka, ilianzishwa 1980 na marehemu James Ashe, na mpaka leo nyoka wanafugwa pale, sumu inakamuliwa, na wahudumu wa afya wanafundishwa namna ya kumtibu aliyeumwa. Kwa wasiojua dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwaje: sumu inakamuliwa na kukaushwa, farasi anadungwa kiasi kidogo kidogo mpaka mwili wake utengeneze kinga, halafu anatolewa damu, na ile kinga inachujwa na kusafishwa ndio inakuwa dawa. Na hiyo dawa inamfuata nyoka. Iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haiwezi kumsaidia ipasavyo mtoto aliyeumwa na kifutu kule Ganze au na koboko kule Magarini, ndio maana watafiti wanapiga kelele miaka yote hii kwamba Afrika inahitaji dawa za nyoka wa Afrika. Shirika la Afya Duniani lilirudisha kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Sisi nyoka tunao, watu wanaojua kuwashika tunao, wagonjwa kwa bahati mbaya tunao, dawa twaagiza kutoka nje na ni ghali kiasi kwamba zahanati ya kijijini haiwezi hata kuiweka.

Na Kilifi, saa moja tu kutoka hapa? Pale kuna utafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa Uingereza unaogharamia utafiti, tangu 1989, ulianza mdogo tu ndani ya hospitali ya wilaya na leo umeajiri mamia ya watu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa pale, na ile ya pili, R21, ambayo Shirika la Afya liliikubali Oktoba 2023, ilijaribiwa pale pia, na watoto wa Kilifi walikuwa kwenye majaribio yote mawili. Nikisoma hayo nasikia fahari kweli kweli, sitanii. Lakini R21 inatengenezwa wapi? Pune, India. Sisi tumetoa watoto, tumetoa mikono ya manesi na akili za watafiti wetu, na kiwanda, ambacho ndicho kinaajiri fundi wa mashine na dereva na mpakiaji na mhasibu, kiko Pune. Siwalaumu Wahindi hata kidogo, wao walijenga uwezo wao kwa miaka mingi. Nasema tu nasi tuanze.

Maana hapa kwetu sayansi kubwa imewahi kuja na kupita. Kule Ngomeni, kati ya 1967 na 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, na mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru kwa sababu hiyo, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyopelekwa mahsusi kuangalia miale ya eksirei kutoka angani. Hebu fikiria, jina la Kiswahili limo kwenye historia ya elimu ya nyota na lilitoka Ngomeni! Wazee wa kule wanazikumbuka zile roketi zikipanda. Lakini karakana za vijana wetu za vifaa vya setilaiti hazikuota, kampuni hazikuota, kilichoshika mjini ni hoteli na majumba ya kupangisha. Kituo bado kipo, kinafanya kazi yake, ila mji haukujengwa juu ya ule ujuzi.

Kuna mji mwingine uliopata kitu kama hicho na ukajigeuza. Cambridge, ule wa Marekani karibu na Boston, una eneo linaitwa Kendall Square, zamani lilikuwa la viwanda vya sabuni na peremende, viwanda vikafa, NASA wakaja kujenga kituo cha elektroniki 1964 na mwaka 1970 wakakifunga, likabaki kiwanja kitupu katikati ya mji. Halafu 1976 likazuka zogo kubwa, wanasayansi wa chuo wanataka kuchezea DNA na watu mtaani wanaogopa. Baraza la mji halikufukuza sayansi na pia halikuwaachia wanasayansi wajiamulie, liliunda kamati ya raia wa kawaida, kati yao nesi na mtawa wa Kikatoliki, wakasikiliza pande zote miezi kadhaa, na 1977 mji ukapitisha sheria yake ya kwanza ya mambo hayo. Kampuni zikaona hapa kanuni zinajulikana, tukifuata hatutasumbuliwa. Biogen, kampuni ya dawa za bayoteknolojia, ikafika 1982, na leo Kendall Square ndio pahali watu wa bayoteknolojia duniani kote wanapatazama. Mimi hiyo stori naipenda kuliko zote kwa sababu jambo lililovuta kampuni halikuwa jengo la vioo, ilikuwa ni mji kuwa na msimamo ulioandikwa.

Na kwa wale wanaosema hizo ni nchi tajiri, tazameni Cuba. Kisiwa cha sukari na watalii. Mwaka 1981 Wacuba sita walitumwa Helsinki kwa Profesa Kari Cantell kujifunza kutengeneza interferoni, protini ya mwili inayopigana na virusi, waliporudi wakapewa nyumba, nyumba ya kuishi watu, wakaigeuza maabara na ndani ya wiki chache wakawa na interferoni yao. Kituo chao kikubwa kikafunguliwa 1986, baada ya kazi kuonekana. Sisi twataka kuanza na kukata utepe.

Hapo ndipo kwenye hoja yangu. Tukisubiri jengo kubwa tutapata kesi ya ardhi, na sote twajua ardhi ya Malindi ilivyo, kila kiwanja kina hati tatu na wenyewe watano. Hoteli zilizofungwa ziko, jikoni zina mabomba, vyumba vina nyaya za stima, chukueni moja iliyo halali mkodishe. Mle ndani tuanze na kitu kimoja kisicho na mbwembwe kabisa, maabara ya kupima vitu vya watu kwa bei wanayoweza.

Binamu yangu wa Msabaha anakamua mafuta ya nazi, mazuri, meupe, ukifungua chupa nyumba nzima inanukia. Duka moja la Nairobi likayataka, likaomba karatasi ya maabara inayoonyesha asidi, maji na vijidudu. Malindi hakuna, sampuli ikapanda basi la Mombasa, zaidi ya kilomita mia moja ndani ya buti ya gari juani, majibu yakaja si mazuri, akaambiwa atume nyingine, na yalipokuja ya pili yakiwa safi yule mnunuzi alikuwa ameshapata mtu mwingine. Mafuta hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni meza moja na mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo. Na huyo mtu yupo! Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, chuo kamili tangu 2013, kinatoa vijana wa baiokemia na baolojia ya bahari kila mwaka, mmoja ni jirani yangu, saa hii anachapisha watu karatasi za kodi za KRA kwenye saiba pale karibu na stendi.

Hiyo meza ikiwepo mengine yanaifuata yenyewe. Mkulima wa embe za ngowe ambaye inzi wa matunda amemmaliza (yule inzi aligunduliwa Kenya 2003, na ndiye sababu kubwa ya nchi kujizuia kupeleka embe Ulaya 2014 mpaka 2021) ataweza kusaidiwa na mtu anayezalisha hapa hapa wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya inzi na kumuua kabla hajakomaa, ujuzi ambao icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kimeufanyia kazi miaka mingi. Kule Gongoni kwenye mabwawa ya chumvi kuna Artemia, vijidudu vinavyofanana na uduvi mdogo sana, walipandikizwa miaka ya themanini na wakakubali maji yetu, na vitoto vinavyoanguliwa kutoka mayai yake ndivyo chakula cha vifaranga vya samaki na kamba dunia nzima. Wafugaji wa kaa wa hori la Mida, karibu na Watamu, wanataka kujua maji yao yana nini. Shangazi wa Gede anataka kujua viwavi vimekufa na nini. Wote hao wanaweza kulipa kidogo kidogo, na ile pesa kidogo kidogo ndiyo inaweka taa ikiwaka mpaka siku kijana mmoja aje na wazo la kampuni.

Kitu kimoja sitaki tukisahau, ni nani anamiliki. Kule Ziwa Bogoria vijidudu vilichukuliwa 1992, vikatoa vimeng'enyo vilivyoingia kwenye sabuni na kwenye kupausha jinzi huko nje, na Kenya ikaja kudai haki yake miaka kumi na zaidi baadaye, tayari watu wamekula. Sheria tangu hapo zimeimarika, NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ndiyo inatoa kibali cha kuchukua viumbe kwa utafiti na lazima kuwe na makubaliano ya kugawana faida, lakini makubaliano huandikwa na aliye mezani. Kwa hivyo kamati ya hicho kituo iwe na mfugaji wa vipepeo, mtu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), mganga anayejua miti ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nesi wa zahanati, na waketi pale na kura, wasiitwe siku ya picha.

Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti hutangazwa kwa haraka na watu wachache ndio hufika. Nataka twende na karatasi moja inayoomba mashine za kupimia, freeza mbili za baridi kali, sola ya kuzishikilia stima ikipotea, na mishahara ya vijana wanne. Kama umesomea baolojia, kemia au udaktari wa mifugo na uko kati ya Mambrui na Watamu, niandikie hapa chini tukae tuipange hesabu kabla ya tangazo kutoka.