Maji gani!

Jumapili imepita, leo Ijumaa, na sauti ya Baba bado iko masikioni.

Mlima wa reli yangu ya mfano ulikuwa umekamilika. Uko chumba cha wageni (Mama Neema ameshanisamehe, nusu): stairofomu zilizokuja na friji jipya, magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, jipsamu tabaka tatu, juu yake machicha ya chai niliyoanika wiki nzima. Ni kipande cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Mlimba kupanda Makambako, kwa kipimo cha 1:87. Kule reli inapanda zaidi ya mita 1,000. Kwa haki ningehitaji mlima wa mita 11 na nusu, na dari langu halifiki hata tatu. Nikaishia sentimita 70.

Baba alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa handaki. Nikangoja alisifie.

"Hapa ni wapi?"

"Ukishatoka Mlimba, Baba."

"Na maji yanapita wapi?"

"Maji gani?"

Akavua miwani, akarudi kwenye chai yake.

Maji gani! Mtu aliyetembea na genge lake la matengenezo kwenye reli ile masika kwa masika, koleo begani, namuuliza maji gani. Nimelirudia bafuni, kwenye daladala, hata kwenye kikao cha Jumatano. Ningesema tu, "Hilo bado, Baba." Ingetosha.

Jana usiku nikachukua kijiko na kisu, nikachimba korongo kutoka kileleni. Jipsamu ikabanduka, handaki likapata ufa. Nikifika chini, korongo linagonga tuta la reli na kukwama. Pale pale mvua ya kwanza ingebomoa tuta, treni ikalala. Nikakata bomba la kalamu, upana wake milimita 8, yaani kama sentimita 70 kwenye reli ya kweli, nikalipenyeza chini ya tuta. Kalavati. Nikamwaga kijiko cha maji. Yakababaika kidogo kwenye machicha, yakazama, yakatokea upande wa pili na kudondoka sakafuni, to, to, to. Saa saba usiku nacheka peke yangu.

Nikamtumia Baba video. Kajibu asubuhi: "Moja haitoshi."

Nimeshakata kalamu tatu nyingine.

Ila friji limeanza kunguruma tangu juzi. Muuzaji anasema atalibadilisha, mradi lirudi kwenye boksi lake, na stairofomu zake zote.