Mishale ya mita 70: hatimaye wano limekubali

Leo alfajiri, kabla upepo haujaamka, mishale miwili isiyo na manyoya imetua bega kwa bega na mitatu yenye manyoya, mita 20, ndani ya manjano, duara la katikati ya shabaha. Nimekaa mchangani nikaitazama tu. Miezi mitatu nimekuwa nikiitafuta picha hii.

Uwanja wetu hapa Malindi tunaipa bahari mgongo, kwa hiyo kusi hutupiga kutoka kushoto na kusukuma mishale kulia. Jioni nilikuwa napata manjano. Asubuhi kukiwa shwari, kila kitu kushoto. Nikashinda nikizungusha skrubu za saiti, kile kifaa cha kulengea, na kuulaumu upepo. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, minazi imesimama tuli, nikapiga mishale mitupu: shubiri nzima kushoto ya wenzake wenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, hilo ni wano, yaani kijiti cha mshale, gumu kuliko nguvu ya upinde.

Nilikuwa nimechagua mawano ya namba 600 (namba ya ugumu: ikipanda, wano ni laini zaidi) kwa kusoma maandishi ya kwenye bawa la upinde: pauni 40. Hizo ni za mvuto wa inchi 28, na mimi naishia 26! Nikaazima mizani ya ndoana kwa muuza samaki, nikaitia kwenye upote, nikavuta. Kilo 16.2. Hata pauni 36 hazifiki.

Kwanza nikajaribu kuyaokoa. Nikatoa kigumba, ncha ya mbele, cha greni 100 nikatia cha 120, maana uzito wa mbele hulipinda wano zaidi linapoachiwa. Shubiri ikawa vidole vinne, pakagoma hapo. Kukata kungeharibu zaidi. Wano likifupishwa huzidi ugumu.

Nikaagiza 750, membamba kama yale ya kwanza. Sheria inaruhusu hadi milimita 9.3, na ukumbini manene yana faida ya kugusa mstari wa pete ya alama za juu. Lakini mita 70 na kusi hili, pete ya kumi ikiwa na sentimita 12.2 tu, nene silitaki.

Safari hii sikuiamini namba iliyochapwa. Misumari miwili ubaoni, inchi 28 kati yake, wano juu, chupa ya maji ya gramu 880 ikining'inia katikati, kisha napima limeshuka kiasi gani. 750 hushuka milimita 19. Kumi na moja yametii. La saba limeshuka 20.1, nimeliweka kando. Kalipa ya dijitali, kifaa changu cha kupimia milimita, imeliwa na chumvi ya hapa, nimerudia ile ya kusoma kwa macho na siiachi tena. Na ukikata wano, msumeno wa chuma usiusogeze karibu na kaboni yake, unachana nyuzi. Diski ya kusaga, maji kidogo, barakoa puani.

Ratiba ya leo ilikuwa kulinganisha manyoya bapa na yaliyojikunja. Sikuyagusa. Nimerudi nyumbani nikayapima mawano yote ya zamani, na ule mshale wa alama nyekundu, uliokuwa ukiniasi kila raundi, umeshuka 14.1 wakati wenzake ni 15.2. Kesho naulaza tena juu ya misumari na kuuzungusha robo kwa robo, nione kama ugumu wake ni uleule kila upande.