Fataki huyo!
Mnalikumbuka lile tangazo la Fataki redioni? Lilianza 2008: jibaba linaloitwa Fataki linamrubuni binti wa shule, halafu anatokea mtu anamharibia mpango. Nilikuwa kidato cha pili, Morogoro. Siku moja tuko kituoni, jua la saa nane, gari jeupe likasimama. Kioo kikashuka. "Binti, panda nikusogeze." Kabla rafiki yangu hajajibu, konda wa daladala iliyokuwa nyuma akapaza sauti: "Fataki huyo!" Kituo kizima kicheko. Kioo kikapanda, gari likaondoka mbio.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama haya matangazo ya vijana yanasaidia, namkumbuka yule konda. Shuleni tulikuwa na bango kubwa la UKIMWI, limepauka kabisa, sisi tulilipendea kivuli tu. Fataki hakutuhutubia. Alitupa jina la kumwita mtu mzima ambaye zamani ungempa shikamoo ukanyamaza.

Ila nisiwadanganye. Rafiki yangu alikuwa anatembea kilomita sita kwenda na kurudi, na tangazo halikumpa nauli. Mwezi uliofuata nilimwona akishuka kwenye gari jingine, la bluu.