Weusi wa Bosi

Jumapili hii nimerudi kwenye picha ya Bosi, mbwa mweusi aliyelinda ploti yetu hapa Umoja pamoja na mzee wa lango, na ambaye alikufa mwezi Juni. Mzee alikuwa amesikia kwamba ninachora mbwa kwa penseli za rangi, akaniomba nimchoree wake. Picha pekee aliyokuwa nayo ilipigwa kwa simu usiku, na taa ya kamera ilikuwa imeyageuza macho ya Bosi kuwa vimulimuli viwili vya kijani.

Mara ya kwanza nilikosea. Kwa kuwa mbwa alikuwa mweusi, nilianza na nyeusi, nikaikandamiza mpaka karatasi ikajaa nta na kukataa kupokea rangi nyingine yoyote, na nilichopata kilikuwa kivuli chenye masikio. Baada ya siku chache utando wa kijivu ukatanda juu yake, kwa maana nta ya penseli ikirundikwa kwa wingi hupanda juu na kuacha ukungu. Ukungu huo huondoka kwa kupanguswa na kitambaa laini, lakini chini yake sikuwa nimeweka sura ya kuonekana.

Safari hii nyeusi nimeiacha iwe ya mwisho. Nilitangulia na samawati hafifu juu ya pua na kwenye paji, pale manyoya yanapopokea mwanga wa anga, kisha zambarau, kahawia iliyokoza na nili, kila tabaka jembamba ili vinyweleo vya karatasi visizibe. Kazi hii naifanya mchana tu, karibu na dirisha, hata kama Julai ya Nairobi ina mawingu, kwa sababu chini ya taa ya njano nili na nyeusi hufanana kabisa. Mkono nao hauna budi kufuata manyoya yanavyolala: juu ya pua ni mafupi mno na huelekea pajini, yakifika machoni hugawanyika, na shavuni huinama kuelekea shingoni. Ninachonga penseli kila baada ya dakika chache, kwani ncha butu huchora sufi.

Sharubu nilizichora kabla ya rangi yoyote, kwa kalamu iliyokwisha wino, nikiikandamiza karatasi ili penseli ipite juu ya mifereji hiyo na kuiacha nyeupe. Penseli nyeupe juu ya nyeusi haitoi ila kijivu. Kwa sababu hiyo hiyo, nukta ya mwanga ndani ya kila jicho ni karatasi tupu niliyoilinda tangu siku ya kwanza.

Rangi ya macho yenyewe ndiyo iliyonitesa. Kijani kile hakikuwa cha Bosi. Ndani ya jicho la mbwa, upande wa nyuma, kuna tabaka linalorudisha mwanga ili aone gizani, na ndilo lililong'aa kwenye picha. Miaka yote hiyo nilipita langoni asubuhi na jioni bila kumtazama machoni, na jambo hilo linaniuma. Nilipomwuliza mzee, aliinua kikombe chake cha strungi, chai isiyo na maziwa, kuelekea kwenye taa ya lango.

“Hivi, mwanangu,” akasema. “Lakini ikishapoa.”

Chai nzito ikipoa huingia utusitusi, na Bosi alikuwa mzee. Basi leo, juu ya kahawia yenye wekundu, nimepitisha kijivu chenye ubuluu katikati ya mboni, kwa mkono mwepesi kuliko nilivyowahi kuutumia, na kwa mara ya kwanza picha imenitazama.

Jioni nimeipeleka langoni ikiwa bado haijakamilika. Mzee ameishika kwa ncha za vidole, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba sikio la kushoto halikuwahi kusimama. Kwa bahati njema sikio hilo lina samawati peke yake kufikia sasa, na samawati hafifu bado inafutika.